Jumamosi za Valsi na Zaituni

Jumamosi, 13 Juni 1992

Sketi nne za shule, suruali mbili za kupunguza kiuno, gauni moja la mke wangu la kupinda. Mgongo unauma. Selemani, fundi mwenzangu hapa verandani, anasema ni uzee. Yeye amenizidi mwaka mmoja na ana meno machache kuliko mimi.

Mchana amekuja Madamu Odeta, Mzaire wa Bukavu, yule ambaye mumewe ana gereji mtaa wa Gatsata. Anataka sketi pana ya kuchezea. Anafundisha valsi na dansi nyingine za Kizungu kwenye ukumbi wa shule kila Jumamosi saa tisa alasiri, watu na wake zao. Nikapima, nikaandika. Macho yake yako kwa mke wangu Zaituni, aliyekaa mlangoni akichambua mchele. Akamuuliza mbona hainuki kusalimu mgeni. Zaituni akasema mguu.

"Mama, mi naona miguu mbili. Ulete yote mbili Jumamosi."

Mwanamke mkali. Nimeona haya kwa niaba yake.

Jumapili, 14 Juni

Niandike wazi hapa, maana kwingine sisemi. Tangu alipoteleza kwenye mtaro wa sokoni Novemba iliyopita akavunjika paja, mke wangu hajavuka geti peke yake. Daktari anasema mfupa umeunga vizuri, kilichobaki ni kutembea. Hatembei. Akisimama anaukunja mguu wa kushoto kama wa kuazima, nyonga inashuka. Kibanda chake cha vitenge anakikalia dada yake.

Leo amenivunja moyo. Halima wetu anaolewa tarehe 23 Agosti. Kwetu mama ndiye anayemtoa binti ndani. Anamshika mkono, anamvusha ua mzima mbele ya watu, anamkabidhi kwa wakwe. Zaituni amesema kazi hiyo ataifanya dada yake. Yeye atakaa chumbani. Amesema huku anakoroga uji, hata macho hakuinua. Halima akatoka nje kulia.

Simtaki dada yake. Namtaka yeye.

Jumatano, 17 Juni

Nimemwambia twende kwa Madamu. Amecheka mpaka akashika ubavu. Mimi, mshona kanzu, nicheze valsi? Nikasema daktari ameniagiza mazoezi ya mgongo, na siwezi kwenda bila mke maana simshiki mwanamke mwingine. Nusu ya hayo ni uongo.

Amekubali, kwa ajili ya mgongo wangu. Mkaidi huyu. Dawa anaimeza ikiwa ya mtu mwingine.

Jumamosi, 20 Juni

Tumekwenda. Njia ya dakika kumi tumeitembea nusu saa, mimi nimemshika kiwiko. Tumekuta jozi tano. Mume wa Madamu analeta redio ya kaseti na betri ya gari, ili umeme ukikatika muziki usisimame.

Valsi ni moja, mbili, tatu. Hatua moja nzito, mbili nyepesi. Si kitu cha kuvunja kichwa, nilidhani. Nimemkanyaga mke wangu mara nne. Ni ule mguu mzima, wa kulia, alhamdulillahi. Afadhali yetu. Kuna mama mmoja, mke wa mwalimu, muziki ukimkolea anainua mikono juu kama pembe za ng'ombe, kama anavyocheza kwenye harusi zote za nchi hii, na mumewe anabaki amekumbatia hewa.

Madamu kanijia. "Papa, unamukamata mama sana. Unamushika kama gunia inataka kuanguka. Achilia kidogo."

Nimekasirika. Miezi saba nimemshika hivyo na hajaanguka.

Ila niandike na hili. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na sijawahi kumshika mke wangu mkono mchana, mbele za watu. Mkono wake ni mdogo kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 4 Julai

Selemani ametutangaza mtaa mzima. Hata muuza maziwa leo kaniuliza, "Mwarimu ya dansi, leo iko na somo?" Nimemwambia iko, na maziwa yake iko na maji.

Lakini faida naiona. Mgongo umenyamaza. Napanda kilima kutoka msikitini bila kusimama njiani nikijifanya natafuta kitu mfukoni. Zaituni analala bila kidonge. Anafua akihesabu moja, mbili, tatu. Juzi alimgombeza muuza makaa mpaka akamfikisha getini. Getini! Miezi yote hii nilikuwa nagombezwa mimi peke yangu.

Nampenda upya. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo.

Jumamosi, 11 Julai

Hakuna dansi. Vizuizi vya askari njia ya Gatsata, Madamu hakupita. Redio ni habari za vita vya kaskazini tu. Zaituni alikuwa amekwisha vaa viatu tangu saa nane, akakaa navyo kitandani kama msafiri aliyeachwa na basi. Nilishindwa kuvumilia. Tumecheza uani bila muziki, mimi nikihesabu kwa sauti. Kuku walikimbia. Halima alitutazama dirishani akiziba mdomo kwa kanga.

Jumamosi, 18 Julai

Balaa.

Madamu aliwapanga wanawake mstari mmoja ili atazame miguu yao. Akafika kwa Zaituni, akasimama. "Papa fundi! Robe ya mama iko mufupi upande moja. Fundi gani wewe?" Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, kicheko cha kinafiki. Zaituni hakucheka. Aliinamisha kichwa akatazama gauni lake.

Hili sijaliandika popote. Tangu atoke hospitali, kila gauni lake nimelipunguza upindo wa kushoto kwa vidole viwili. Nyonga ikishuka, gauni linashuka nayo na watu wanaona. Nikalisawazisha ili wasione. Na ili yeye mwenyewe asione. Nilidhani hayo ni mapenzi.

Jumapili, 19 Julai

Ameyatandika magauni kitandani, yote saba. Ameyapima kwa tepu yangu. Akauliza tangu lini. Nikamwambia.

"Baba Halima, kumbe nilikuwa najiona napona, na ni mkasi wako."

Hakulia. Afadhali angelia. Chakula changu cha mchana kimeletwa na Halima, sahani imefunikwa.

Jumanne, 21 Julai

Haendi tena kwa Madamu. Amempelekea dada yake habari kuwa kazi ya tarehe 23 Agosti ni yake. Halima hanisemeshi. Hata Selemani ameacha kunitania, na hilo ndilo baya kuliko yote.

Mimi ni mpumbavu. Miaka thelathini kwenye cherehani, halafu sioni kitu kilicho mbele ya pua yangu. Leo asubuhi, sindano mdomoni, ndipo nimekiona. Gauni nililikata ili likae sawa nyonga ikiwa imeshuka. Kama nyonga ingekuwa bado imeshuka, Madamu asingeona kitu. Ameona upande wa kushoto mfupi kwa sababu nyonga imepanda. Zaituni anasimama juu ya miguu miwili. Mkasi wangu haukufanya hilo.

Nusura niimeze sindano.

Alhamisi, 23 Julai

Nimefumua pindo zote saba, nikaanza kuzipinda upya, sawa kulia na kushoto. Selemani akauliza nafanya nini. Nikasema natubu. Akavuta magauni mawili akanisaidia.

Jioni nilimwomba Zaituni avae la kijani asimame wima. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akavaa, uso ameugeuzia ukutani. Nikapiga magoti na chaki kama kwa mteja yeyote. Nikapima kutoka sakafuni mpaka kwenye upindo. Kulia. Kushoto. Tofauti kidole kimoja. Mwezi wa tano vilikuwa viwili.

Nikamweleza. Hakuniamini, na ana haki. Akamwita Halima, akamwambia apime yeye. Halima akapima, akarudia, akasema, "Mama, kidole kimoja." Akapima tena bila kuambiwa.

Zaituni akaniambia hicho kimoja nisikiguse. Nikasema sitakigusa. Akataka niape. Nimeapa.

Jumamosi, 25 Julai

Tumekwenda. Madamu alitaka kuomba radhi, Zaituni akamkatiza, akasema kama watu wote wangekuwa kama Madamu, yeye angekuwa amepona zamani. Akanitazama aliposema "wote". Sawa, nimesikia. Nimemkanyaga mara moja tu.

Jumamosi, 8 Agosti

Bado namshika sana. Madamu amechoka nami. Kanitoa pembeni, kanipa kiti cha mbao nicheze nacho. Jozi nyingine zikafurahi. Zaituni akaambiwa azunguke ukumbi peke yake, mikono wazi.

Amezunguka. Moja, mbili, tatu. Mimi na kiti changu tumesimama. Kila alipogeuka nilitaka kukimbia nimdake. Jasho lilinitoka kuliko yeye. Hakuanguka. Alipofika kwangu alikuwa anahema na anacheka, na nikamkumbuka kabisa yule msichana niliyemshonea gauni la kwanza.

Njiani amesema amemwambia dada yake akae na wageni siku ya harusi.

Jumapili, 23 Agosti

Watu wamejaa mpaka barabarani. Gauni la zambarau, upindo sawa pande zote, kwa amri yake. Kuchechemea kumeonekana. Kila aliyekuwa na macho ameona. Amemtoa Halima ndani amemshika mkono, vigelegele juu.

Katikati ya ua alisimama. Nikanyanyuka. Akanitupia jicho, moja tu, nikakaa. Akavuta pumzi. Akaendelea. Akauweka mkono wa Halima kwenye mkono wa mama mkwe wake, akabaki amesimama wima wakati wa dua yote.

Nimelia mbele ya wakwe. Sijali.

Jumatatu, 31 Agosti

Nyumba kimya bila Halima. Chai imebaki kwenye birika, hatujajua bado kupunguza maji.

Saa mbili asubuhi Zaituni amevaa viatu. "Sokoni," akasema, "kwenye kibanda changu." Nikachukua kofia.

"Kaa, Baba Halima."

Nimekaa. Nimesikia geti. Nimesikia akimsalimu jirani, kisha sikusikia tena.

Nimeshona. Nimevunja sindano mbili. Selemani alinipa ya kwake bila kuuliza.

Saa saba amerudi. Vumbi miguuni, kikapu mkononi, kitenge kimoja amekiuza. Ameleta nyanya. Nimemwambia zimeiva mno.

Amesema kesho ataleta nyingine.