Nilimkana Mdogo Wangu kwa Mfano wa Akina Johnson

Shangazi Rahel, shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye kitubio nililizunguka nikamtajia padri uvivu na hasira halafu nikanyamaza, sasa nakwambia wewe kwa sababu hunijui sura: nina mdogo wangu wa baba mmoja na nimemkana mbele ya shule nzima, tena nikapigiwa makofi.

Naitwa Goreth Silvester Kasanda, nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne hapa Mpanda mjini. Mimi ni mtu wa aibu, mwalimu akiniuliza hata leo ni tarehe ngapi najificha nyuma ya daftari. Baba yangu ananunua mpunga vijijini anauleta mashineni kukoboa, kwa hiyo msimu wa mavuno tumezoea kukaa bila yeye, na mama hajawahi kulalamika kwa sababu anasema mwanaume mtafutaji haulizwi ulizwi.

Mwaka huu shule zilipofunguliwa nilimkuta baba getini na pikipiki, nyuma amekaa mvulana amekumbatia godoro lililoviringishwa. Nikasimama. Baba akasema, "Goreth, huyu anaitwa Heri, anaingia kidato cha pili. Ni mdogo wako. Mama yake yuko kijijini Kasekese." Nikamuuliza, "Mama anajua?" Akaangalia tairi la pikipiki kama lina pancha, akasema, "Nitamwambia mwenyewe. We tulia tu, mwanangu, usije ukamvunja mama yako." Akashusha godoro akaondoka, akatuacha tumesimama pale kama watu wanaosubiri kuitwa.

Heri alipangiwa geto nyuma ya shule, chumba kimoja na jiko la mkaa. Hakunisumbua hata kidogo, Shangazi. Tukiwa na watu alikuwa ananipita kama hanijui, kwa sababu naye alikuwa ameambiwa atulie, lakini tukibaki wawili bombani alikuwa ananiita dada, na zamu yangu ya kuchota maji nilikuwa nakuta ndoo zimeshajaa. Anatembea kama baba, bega moja limetangulia. Mimi nilikuwa naogopa hilo bega kuliko kitu chochote, nilikuwa naona kila mtu analiona.

Sasa shuleni kwetu Ijumaa kuna dibeti ya Kiingereza, na mwalimu Deusdedit akanipanga niongee, akasema, "Goreth, unaandika vizuri lakini mdomo umeufunga na kamba, leo tunaufungua." Mada ilikuwa kwamba jina la ukoo linampa mtu uongozi. Upande wa kuunga mkono alikuwepo Thadei, akaleta Wamarekani: akina Adams baba na mwana wote marais, akina Bush baba na mwana wote marais, hata wale Roosevelt wawili walikuwa ndugu wa mbali. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimejiandaa na akina Johnson. Nikasema Andrew Johnson na Lyndon Johnson wote walikuwa makamu wa rais, wote wakaingia Ikulu baada ya marais wao kuuawa, mmoja mtu wa Tennessee, mwingine mtu wa Texas, wamepishana karibu miaka mia, na si ndugu hata kidogo. Nikasema nchi ile imejaa wabunge na maseneta wanaoitwa Johnson wasiojuana hata kwa salamu. Jina moja si nyumba moja. Mara ya kwanza maishani mwangu watu wananisikiliza mimi, na Shangazi, ilikuwa tamu, siwezi kukudanganya.

Ndipo Doto wa kidato cha tatu akanyoosha mkono, "Point of information! Wewe ni Silvester Kasanda, na Heri wa form two ni Silvester Kasanda. Nyie ni akina Bush au akina Johnson?"

Ukumbi ukacheka mpaka madawati yakapigwa. Heri alikuwa amekaa dirishani. Alikuwa anacheka na yeye, lakini ananiangalia, na nilivyomwelewa ni kama ananiambia sema chochote dada, mimi nitakubali. Nikasema, "We are Johnsons." Wakapiga makofi wamesimama. Nikapewa mche wa sabuni wa msemaji bora.

Kutoka hapo shule nzima wakaanza kumwita Johnson. "Johnson, baba yako nani?" "Johnson, umekuja na ukoo gani?" Doto ndiye alikuwa anaongoza, na mimi nilikuwa napita na vitabu vyangu. Siku moja tukakutana bombani mimi na Heri, akasema, "Hongera, Goreth, uliongea vizuri." Hakuniita dada. Nikasema asante. Asante, Shangazi! Ndicho kitu pekee nilichomwambia. Wiki iliyofuata akawa hayupo, nikaenda getoni nikakuta mwenye nyumba anafagia chumba, akaniambia, "Kijana kabeba godoro lake karudi kwao. Wewe ni nani yake?" Nikajibu nasoma naye tu. Nikamkana mara ya pili, na hapo hakukuwa na hata mtu wa kunicheka.

Halafu mama akarudi kutoka sala ya jumuiya siku moja akaniuliza, "Hivi shuleni kwenu kuna mtoto anaitwa jina la baba yako mpaka la babu yako?" Nikamwambia majina yanafanana tu mama, hata Marekani yapo hayo. Mama akasema, "Haya, nyie mliosoma ndiyo mnajua," akaendelea kuchambua maharage. Ile "haya" yake haijanitoka.

Sasa sijui nifanye nini. Nikisema ukweli shuleni utafika kwa mama kabla sijafika nyumbani. Nikinyamaza Heri anapoteza mwaka, mtihani wa taifa wa kidato cha pili umekaribia, na yeye ana akili kuliko mimi. Baba nimempigia, anasema atarudi tu huyo, ni hasira za kitoto. Natamani ningesema tu ndiyo, ni mdogo wangu, wangecheka wiki moja ikaisha.

Nasikia kandambili za mama zinakuja huku. Siku zote nikiandika nasukuma karatasi chini ya godoro, nimeshazoea mpaka mkono unaenda wenyewe. Leo naiacha hapa mezani, juu kabisa, mlango na ufungu...

SHANGAZI RAHEL ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yenu nimeyabadilisha. Akina Johnson nimewaacha, maana bila wao barua haisomeki, na kwa sababu hiyo shuleni watakutambua. Ndiyo maana nilipiga kwanza ile namba iliyoandikwa nyuma ya bahasha. Akapokea mama yako. Nikajitambulisha, nikaanza kuzunguka zunguka, akanikata: "Dada, barua nimeisoma, na posta niliipeleka mimi. Chapisha. Ya mume wangu nitayamaliza na mume wangu. Mimi nataka kujua kitu kimoja, huyo mtoto saa hizi anakula wapi?"

Mwanangu, hakuuliza lingine. Huyo ndiye mwanamke uliyeogopa kwamba atavunjika. Ameumia, usijidanganye, nilisikia sauti. Lakini alikuwa anamuulizia mtoto wa mwenzake chakula.

Sasa nikuseme. Uliyoyasema juu ya wale Wamarekani ni kweli, umesoma vizuri. Ubaya ni kwamba ulichukua kitu cha kweli ukafunikia uongo, na uongo wa namna hiyo ndio unaopigiwa makofi. Ulikuwa na aibu ya kuongea maisha yako yote, na siku ulipopata sauti, mtu wa kwanza kuumia nayo akawa yule aliyekuwa anakuchotea maji. Lia kidogo, unastahili kulia, halafu ufute uso.

Mzigo huo hukujitwika mwenyewe, na hilo nalisema wazi. Baba Goreth, kama gazeti hili limekufikia huko mashineni: ulimpa binti siri ya mtu mzima pale getini ukawasha pikipiki. Hasira za kitoto unazozisema wewe ndiye mwenye nazo. Nenda nyumbani ukaongee na mkeo, na uende ukiwa umekaa chini, si umesimama mlangoni na funguo mkononi.

Goreth, wewe fanya hivi. Kasekese usiende peke yako na usimpeleke mama yako, amesema moyo wake bado haujawa tayari kwa hilo, na ana haki. Mwombe shangazi yako, dada wa baba, hiyo ndiyo kazi yake katika ukoo. Mkifika, anza na mama yake Heri. Msalimie kwa magoti, mwambie ulichomfanyia mwanawe bila kumtaja Doto wala baba yako. Heri akija, mwombe msamaha mara moja, kwa maneno machache. Usimlilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza.

Kabla ya kwenda, mwone mwalimu Deusdedit, mwambie ukweli, muulize kama mtoto bado anaweza kufanya mtihani. Na Ijumaa omba nafasi usimame ukumbini, useme kwa Kiswahili, kila mtu aelewe hadi wa kidato cha kwanza: Heri ni mdogo wangu, nilidanganya. Kisha ukae. Watacheka. Waache wacheke.

Anaweza akakataa kurudi, mwanangu. Mengine tukishayaharibu hayarudi yalivyokuwa, na nisingependa uende huko ukidhani unaenda kuchukua kitu chako ulichokisahau. Akikataa, mwambie umesikia, kula chakula utakachopewa, na mwezi ujao nenda tena.