Kilichokuwa Chini ya Mashine ya Nyasi

Nyumbani,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko? Lile jino limekuachia usingizi? Sisi wazima, tunasukuma siku. Kifua cha mama mkwe kimetulia, ila ulimi wake ndio wenye afya kutuzidi sote.

Unaijua ile mashine ya kukatia nyasi, ambayo shemeji yako huipanda kama trekta kwenda kufyeka viwanja vya shule. Tangu mvua za mwaka jana ziishe ilikuwa ikitetemeka, na ikipita inaacha nyasi vishungi vishungi, kama kichwa kilichonyolewa gizani. Mwalimu mkuu akaonya kwamba atatafuta mtu mwingine. Shemeji yako akaona dawa ni kuiuza.

Mimi nikawa na swali moja tu: huko chini, visu vinakozunguka, kuna nini? Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuchungulia!

Jumamosi ya tarehe 6 nikamng'ang'ania mpaka akakubali. Tukachomoa waya wa plagi ya injini kwanza, isije ikawaka ikatukata vidole. Tukatoa mkanda unaozungusha visu, tukalivuta nje lile sinia kubwa la chuma linalofunika visu, tukalipindua. Lo! Nyasi zimeganda tabaka juu ya tabaka, nyeusi, ngumu kama ukoko wa sufuria.

Mama mkwe alikuwa barazani akijifanya haoni. Punde akaja, akachungulia, akaingia ndani, akatoka na mwiko.

"Ukoko hutolewa kwa mti. Kwa chuma mtaharibu rangi."

Akakaa chini akakwangua. Ndiye aliyekiona kitu cha kijani kimejiviringa kwenye mhimili wa kisu. Shemeji yako akakikata, akavuta: kamba ya nailoni, na kipande cha kibanio cha nguo kimenasa humo.

Mwiko ukasimama. Mwaka jana kamba ya mama mkwe ya kuanikia nguo ilipotea, naye akamwita jirani yetu, fundi cherehani, mwizi mbele za watu. Tangu hapo hawasalimiani. Kumbe upepo uliiangusha kwenye nyasi ndefu, mashine ikaimeza.

Mama mkwe aliuweka mwiko chini. Alinawa, akajitanda mtandio, akavuka njia. Nami, unanijua, nikasogea karibu na ua.

"Jirani, kamba nimeiona. Ilikuwa kwetu."

Cherehani ikanyamaza. "Si nilikuambia?"

"Uliniambia. Nilikukosea. Na waliosikia siku ile, nitawaambia mwenyewe."

Nikajua sasa mlango utafungwa.

"Basi usisimame juani," fundi akasema. "Ukianguka hapa, nitaambiwa nimekuiba na wewe."

Wakacheka, mdogo wangu! Mama mkwe hakurudi mpaka jioni.

Sisi tukaliosha sinia, tukalikausha, tukanoa visu, tukaweka beringi mpya na kupaka grisi. Juzi mwalimu mkuu alitembea uwanja mzima tulioufyeka, akasema tu, "Hapo sawa." Shemeji yako haongei tena habari za kuuza. Mimi sasa naliangalia jokofu, najiuliza nyuma yake kuna nini.

Msalimie shemeji na mapacha, na yule wifi yako mcheshi. Mama mkwe anakuombea dua, na fundi cherehani, aliye hapa jikoni kwetu ninapoandika, anasema ulete vipimo vya gauni.

Mungu akutangulie kila uendako.

Dada yako asiyekusahau,
Mama Mkubwa wa mapacha wako