Kwa Mama Lizzie Bearpaw, Uliyeuliza Kama Tumekula

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ututoke, na kiti chako pale ukumbi wa kanisa hakuna aliyethubutu kukikalia mpaka Jumamosi iliyopita.

Tunaikumbuka sauti yako jikoni. Ulitusemesha Kicheroki, lugha ya mababu zetu wenyeji wa asili wa Amerika, maisha yetu yote, nasi tukakujibu kwa Kiingereza. Hukutulazimisha. Ulichapwa shuleni kwa ajili ya lugha hiyo, ukaogopa nasi tusije tukachapwa. Hata hospitali, siku ya mwisho, ulimuuliza Verna, kifungua mimba wako, kama amekula. Akakujibu kwa Kiingereza kwamba ameshakula. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Jibu lile limemkaba mpaka leo.

Siku ya mazishi wanafunzi wako wa darasa la Kicheroki la Jumamosi walimkabidhi Verna funguo za ukumbi. Alidhani ni kwa wiki mbili tu. Kila akitaka kuzirudisha, hapati wa kuzipokea.

"Wewe unasikia kila kitu, dada," Dewey Soap alimwambia. "Ukiondoka, nani atatuambia tumekosea?"

Ndiye Dewey yule wa posta, uliyekuwa ukimtania kwamba anaongea Kicheroki kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Basi Verna amenaswa. Kazi aliyoipata mjini Tulsa ameiacha ipite. Kusikia anasikia, kusema hawezi. Neno likifika kooni, aibu inalirudisha. Na sheria yako ipo palepale: anayeteleza akasema Kiingereza darasani anashika mchi, anatwanga kokwa za mti wa hikori za kupikia supu. Mwaka mzima, Mama, anayetwanga ni yeye. Viganja vimeota sugu. Kuna Jumamosi alitwanga huku analia kwa hasira, anakulaumu wewe. Tunakuambia kwa sababu hukupenda kufichwa mambo.

Jumamosi iliyopita Dewey alipakua supu, akamgeukia Verna, akamuuliza kwa Kicheroki, vilevile ulivyozoea kuuliza wewe: "Umekula?"

Verna akauweka mchi chini, akajibu kwa Kicheroki, polepole, machozi yakimtoka.

"Bado, sijala. Nina njaa."

Hapo Dewey akasema kwa Kiingereza kitupu, makusudi, wote wamsikie: "Basi kaa ule. Huo mchi nipe mimi."

Verna alikaa kwenye kiti chako, akala mabakuli mawili. Funguo bado anazo, na hajui atazishika mpaka lini.

Unakumbukwa na watoto wako Verna na Amos, mkweo Ida, wajukuu zako Jolene na Kenna, na darasa lako lote la Jumamosi. Hutatoka mioyoni mwetu, Mama. Na swali lako la hospitali tumekuletea jibu lake, kwa lugha yako: alikuwa hajala.