Kovu la Mwita Siku ya Ng'ombe wa Robi

Mama Mwita mpendwa,

Nimechoka, lakini habari hii ni yako kwanza.

Unakumbuka mwanetu alivyoletwa kutoka Kewanja, shimo la dhahabu limemvunja mgongo, miguu haisikii kitu. Kisha kidonda cha kulala kikamla kalio. Ulimgeuza huku na huku, ukiimba ili asisikie unalia. Kilipofunga, ukatuacha.

Nilidhani kazi imekwisha. Muuguzi akanielewesha: kidonda kikifunga, ngozi ile mpya na nyama iliyo chini yake bado ni dhaifu. Hufundishwa kukaliwa, polepole. Basi mwalimu mstaafu nikapata mwanafunzi wa mwisho. Tulianza na robo saa kitini, juu ya mto, akijiinua kwa mikono mara kwa mara. Kisha namlaza, nachukua kioo chako kidogo, natazama. Ngozi yetu nyeusi huficha wekundu, kwa hiyo napapasa pia: kuna joto? Kuna ugumu? Alama ikifutika ndani ya nusu saa, safari ijayo namwongezea kidogo. Ikibaki, hakai mpaka ifutike, na tunaanza tena chini.

"Baba, utalitazama kalio langu mpaka lini?"

"Mpaka lihitimu."

Jana wakwe walitoka Nyansurura na ng'ombe wa mahari kwa ajili ya Robi, binti yetu. Unajua kwetu: ng'ombe wakitajwa, kaka wa binti haondoki. Mwita alitaka kukaa mpaka mwisho. Muda wake ulipoisha, nikasogea. Akaninong'oneza, "Baba, usiniaibishe."

Nilikuona wewe ukimgeuza. Nikaleta godoro katikati ya kikao, nikamlaza kifudifudi mbele ya wageni wote.

Mshenga wao akacheka. "Shemeji, umeshalala?"

"Nimelala," Mwita akajibu, "lakini yule ndama mnayemwita mtamba namwona."

Watu wakaangua kicheko, hata wao. Ndama akabadilishwa kwa jike aliyekomaa. Robi aliinamisha uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Walipoondoka nilichukua kioo. Nilisubiri, nikatazama, nikapapasa. Ngozi ilikuwa laini, haina joto. Nikageuka nikuambie, na kitanda chako kitupu.

Ulichokifunga bado kimefunga. Mgongo unaniuma, na kesho tunaanza tena asubuhi. Wewe pumzika, Mama Mwita. Zamu hii ni yangu.

Mumeo,
Baba Mwita