Mama na Keki Mbaya

Jumamosi, 4 Januari 2025. Reims

Tumetoka! Nilidhani hatutatoka. Mama alikaa jikoni amevaa koti, mkoba magotini, akasema hana hamu ya kwenda popote. Nikamwambia basi baki, mimi naondoka na mkoba wako. Akanyanyuka.

Hatujafika hata barabara kuu, Régis kapiga simu. Huyu kaka yangu anaongea utadhani anasoma taarifa ya habari. Eti daktari kasema wazi, Mama akiendelea hivi hafiki Pasaka. Eti kampatia nafasi kwenye nyumba ya wazee, wanaishikilia mpaka Ijumaa, na huko atalishwa. Atalishwa! Mama yangu! Nikashuka garini Mama asisikie, nikamwambia nipe mpaka hiyo Ijumaa.

"Unamzungusha mgonjwa nchi nzima kula keki?"

Ndiyo. Keki. Tangu Baba afariki mwezi wa tisa, Mama anakula vijiko viwili vya supu na kipande cha mkate. Basi. Sketi anaibana kwa pini. Nyama hataki, samaki hataki, dawa za kuleta hamu kazimwaga chooni. Kitu pekee alichokuwa hakikatai maisha yake yote ni keki. Kwa hiyo tunateremka kusini, na kila mji tunaingia duka lake bora kabisa, lile lililosifiwa gazetini. Likizo nimechukua, wanafunzi wangu wa udereva watagonga magari ya mtu mwingine.

Leo la kwanza, nyuma ya kanisa kuu. Lo, duka! Wanakushikia keki kwa glavu nyeupe. Nikachukua ya krimu ya kahawa. Mama kakata ncha kwa uma, katafuna taratibu.

"Nzuri," kasema. Uma chini.

"Nzuri tu?"

"Nzuri, Ghislaine. Unataka nipige magoti?"

Nimeimaliza mimi.

Jumapili, 5 Januari. Dijon

Foleni mpaka barabarani, watu wametoka kanisani, kila mmoja anataka boksi lake la keki lenye kamba. Mama kasimama vizuri tu, tena kamkaripia bwana mmoja asisukume. Nikapata matumaini.

Keki ya matabaka, ile inayovunjika ukiitazama. Sijawahi kula kitu kama kile! Mama kaonja mara moja. "Nzuri sana. Waifunge, utakula wewe baadaye."

Nimeila baadaye. Suruali inanibana. Tukienda hivi, Ijumaa Régis atampokea Mama mwembamba zaidi na dada yake pipa.

Nimelia bafuni. Maji nimeyaacha yatiririke asisikie.

Jumatatu, 6 Januari. Lyon, halafu barabarani

Mjinga mimi! Nimezaliwa nchi hii, nimezeekea nchi hii, nikasahau kwamba Jumatatu wapika keki wanafunga! Tumezunguka Lyon nzima. Chuma cha mlango kimeshushwa, chuma kimeshushwa, chuma kimeshushwa. Mama ananiangalia tu. Kisha kaanza kunifundisha kuendesha gari. Mimi! Eti nakata kona kama Baba, na hiyo si sifa.

Tukasimama kituo cha mafuta. Nilikuwa na njaa na hasira, nikajinunulia ekleri ya kwenye plastiki, ile keki ndefu yenye krimu ndani na chokoleti juu. Niliiona ni mbaya hata kabla sijaifungua.

"Lete nione," kasema Mama.

Kauma. Uso ukajikunja. "Mungu wangu! Krimu hii ni gundi ya mabango. Nani kaipika, fundi magari?"

"Basi acha, Mama, nitupe."

"Niache? Siwezi kuisema vibaya nimeonja nusu. Huenda mwisho wake ni mbaya zaidi."

Kaila. Yote! Kalamba kidole. "Ndiyo," kasema, "mwisho ni mbaya zaidi."

Nimekamata usukani, sikuthubutu hata kukohoa.

Jumanne, 7 Januari. Valence

Nimejaribu tena nihakikishe sijaota. Asubuhi, duka bora la mjini: kuonja mara moja, nzuri, uma chini. Mchana, tati ya limau ya supamaketi, ile keki bapa yenye krimu ya limau juu, inang'aa kama sakafu iliyopigwa deki: kaila mpaka ukingo, huku anaitukana ukoo mzima. Basi nimeelewa.

Na ningeelewa toka mwanzo kama ningekuwa na akili! Baba aliendesha malori miaka yote ile, na kila safari alirudi na boksi la keki la huko alikolala. Mama anafungua, anaonja, anaanza. Hii kavu. Hii imeungua. Hii kaipika mtu anayemchukia mkewe. Baba anacheka mpaka anashika mbavu, na boksi linaisha. Sijui kama alikuwa anachagua mbaya makusudi. Kumbe Mama hana wa kumtukania keki, ndiyo shida yote hiyo. Mimi namletea nzuri, aseme nini?

Jioni nikamwendea kijana wa mapokezi hotelini.

"Duka baya kabisa la keki mjini hapa ni lipi?"

"Baya, mama? Hapa Valence hakuna duka baya."

Nikamkazia macho. Kaangalia huku na huku, kainama. "Jaribu lile la karibu na stesheni."

Mungu ambariki. Mama kala mbili. Ya pili kasema anaila ili kulinganisha.

Jumatano, 8 Januari. Arles

Niandike haraka kabla sijasahau hata neno moja.

Mwezi huu ni wa galeti ya wafalme, ile keki ya kukumbuka mamajusi, na Mama alikuwa hajaitaja hata mara moja. Leo, tunapita mtaani, kasimama mwenyewe kwenye duka dogo karibu na mto. Kaingia. Mimi nyuma. Kwenye kaunta kuna mama mnene, miwani kichwani, wateja wanamwita Roselyne.

"Galeti moja," kasema Mama.

Roselyne kamwekea mbele pete kubwa ya mkate laini, juu imejaa matunda ya sukari, mekundu na ya kijani.

Mama kaiangalia. "Nimesema galeti."

"Ndiyo hiyo, bi mkubwa. Ya wafalme."

"Hilo? Hilo ni boya la kuogelea!"

Duka zima kicheko. Kwetu Arras galeti ni unga wa matabaka, bapa, ndani lozi zilizosagwa na siagi. Nilijua kwamba kusini wanafanya pete. Mama pia anajua, Baba alishamletea! Lakini kujua na kuwekewa mbele ni vitu viwili.

"Nyinyi wa kaskazini!" Roselyne kashika kiuno. "Mnakula hiyo yenu, mnajimwagia maganda kifua kizima kama mnanyonyoa kuku."

"Na lozi ziko wapi?"

"Lozi tumewaachia nyinyi. Hamna jua huko, mjifariji."

Mama kavimba. Nimemwona shavuni, wekundu! "Nipe hilo boya. Nikalionje, halafu nitarudi nikueleze."

"Rudi, bi mkubwa. Nipo. Sihami."

Tumepanga chumba chenye jiko na meza. Mama kaweka boya katikati, kachukua kisu, kaniangalia.

"Haya, ingia chini."

"Mama, nina miaka hamsini na saba. Magoti haya!"

"Mdogo hapa ni nani? Mimi?"

Kwetu mdogo kuliko wote ndiye huingia chini ya meza. Haoni vipande, anaulizwa tu hiki cha nani, anataja jina, ili asipendelewe mtu, maana ndani kumefichwa kidude cha kauri na atakayekipata ndiye mfalme. Nikaingia. Naona viatu vya Mama vya ndani, na soksi zimemlegea kwenye miguu ile iliyokwisha. Nasikia kisu. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Hukatwa kimoja zaidi, cha maskini, kwa yeyote atakayegonga mlango.

"Hiki cha nani?"

"Chako."

"Na hiki?"

"Changu."

"Na hiki?"

Nilitaka kusema cha maskini, kama siku zote. Mdomo ukasema, "Cha Baba."

Viatu havikusogea. Nikajisemea, Ghislaine, umeharibu. Siku zote hizi, gari lote hili, na wewe umeharibu kwa neno moja! Sikujua kama nitoke au nikae hukohuko mpaka Ijumaa.

Kisha nikasikia, taratibu: "Baba yako hakuwa na meno ya kutafuna boya. Lete nimsaidie."

Nimetoka kwa pupa, nimejigonga kichwa. Mama analia na anatafuna. Vyote kwa pamoja. "Tamu kupita kiasi," anasema. Machozi yanashuka, hayafuti. "Sukari yote hii ya nini? Na haya ya kijani ni nini, sabuni? Fernand, ungeona!" Jina la Baba! Toka tuzike hakulitaja. Kamaliza cha kwake, kahamia cha Baba, mara kapiga kelele, "Wameniwekea jiwe!" Kidude cha kauri, ng'ombe mdogo mwenye sikio moja. Nikamvika taji la karatasi. Kakaa nalo.

Ndipo Régis akapiga. "Amekula?"

Nikampa Mama simu.

"Mmf," kasema Mama. Kanirudishia. Kameza kwa shida. "Huyu naye! Mwambie mtu hapigiwi simu akiwa na chakula mdomoni!"

Régis kasikia. "Anakula nini?" kauliza, sauti ndogo, ya utotoni.

"Boya," nikasema.

Nimecheka mpaka nimekaa sakafuni. Nimelala nikapumua kama mtu aliyetua gunia la viazi mgongoni.

Alhamisi, 9 Januari. Arles, ndani ya gari

Naandikia kwenye usukani. Ilibidi tuwe tumeshageuza kaskazini. Régis kapiga asubuhi, sauti ya taarifa ya habari imerudi: amefurahi, kweli, lakini jioni moja si ushahidi, na ile nafasi kesho anapewa mtu mwingine. Nikamwambia wampe. Kasema nisiwe mtoto. Hatujaelewana.

Mama hajui habari ya nafasi. Hajui hata kama kuna Ijumaa. Toka kumepambazuka anasema neno moja tu, twende kwa yule mwanamke. Kanikataza kuingia. "Utanitia aibu, unacheka hovyo."

Namwona kupitia kioo. Anaongea, mkono unakwenda juu, unakwenda chini. Foleni yote imegeuka kumsikiliza. Roselyne kakunja mikono, anatikisa kichwa. Sasa kaingia nyuma. Mama kageukia watu, anawaeleza. Bibi mmoja anakubaliana naye!

Roselyne karudi na sahani. Si pete. Bapa, ya rangi ya kahawia, inamwaga maganda. Galeti yetu! Kaipika alfajiri huyu, makusudi, kumwonyesha Mama kwamba anaweza! Ee Mungu, na inaonekana nzuri. Naiona hapa nilipo, nzuri kabisa. Mwanamke huyu ataniua. Iwe mbichi katikati. Iwe na chumvi. Chochote!

Simu inalia. Régis. Ilie.

Mama kapewa uma. Kakata, kaweka mdomoni. Roselyne kaegemea kaunta kwa mikono miwili. Mama kanyanyua kidole, wasubiri. Anatafuna. Hakuna anayesogea mle ndani, hata bwana aliyeshika mkate kwapani.

Kameza. Wote wanamtazama mdomoni.

Hajasema kitu. Anakata kipande kingine.