Hasubiri na Gari la Mikate

Nyumbani kwenu, mlango wa kijani,
Jumapili, nguo zikiwa kambani.

Mpendwa mjukuu wangu Kijiko, mke mwenzangu,

Kwanza nikugombeze, salamu zitafuata nyuma. Mara ya mwisho ulipokaa jikoni kwangu, paka alikuwa mtoto. Sasa paka ni bibi kama mimi, ana wajukuu chini ya kabati, na wewe bado unaniambia "mwakani, bibi, mwakani." Hiyo mwakani yako ina miguu mifupi, haifiki. Nimechoka kuutafuta uso wako kwenye simu, umekatika kidevu, unaniuliza kama nakuona. Sikuoni. Naona pua.

Haya, nimemaliza. Hujambo mwanangu? Unakula? Usinijibu "ndiyo" ya haraka, niambie unakula nini na unakula na nani. Kifua chako kinasemaje na hiyo baridi ya huko? Yule msichana unayekaa naye, bado anakausha soksi juu ya birika? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini lilianza kulalamika kabla mama yako hajaolewa, nimeshalizoea. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Unajua sikukaa darasani hata siku moja, herufi nilizidokoa kwa mama yako alipokuwa akifanya kazi zake za shule mezani nami namenya viazi. Ukikuta neno limepinda, linyooshe wewe uliyesoma.

Sasa habari za babu yako, mume wetu.

Kila ulipopiga simu alikujibu "nzuri, nzuri," halafu akanirudishia simu upesi kama inamuunguza. Nawe ukaona ni mambo ya wazee. Hayakuwa mambo ya wazee. Tangu siku aliyostaafu udereva akakabidhi funguo za basi, mtu yule alikaa kwenye kiti cha dirishani akaangalia barabara. Asubuhi dirishani, jioni dirishani. Chakula anakigusa tu, anakisukuma. Kucheka ndiyo kabisa, nilisahau hata meno yake yamekaaje. Daktari alimpima juu mpaka chini, akasema mwili hauna neno, mtafutieni la kufanya. Nilirudi nyumbani naogopa. Ugonjwa una dawa, lakini mtu anayezimika akiwa mzima unampa nini? Nikaona siku moja nitaamka nibaki na kiti na dirisha.

Wewe hukuwahi kumwona akiwa kazini. Abiria walimwita Hasubiri. Wakati ukifika, kondakta anagonga bodi ya basi mara mbili, pa, pa, na Hasubiri huyo ameondoka. Hageuki. Kuhesabu watu ni kazi ya kondakta, yake ni barabara. Maisha yake yote alipeleka wageni wenye mabegi makubwa mgongoni mpaka chini ya milima, kwenye geti la hifadhi ya taifa, akawashusha, akageuza basi. Ndani ya geti lile hajawahi kuingiza hata kidole.

Nikasema, basi, dawa yake iko huko.

Fundi wa karakana iliyo nyuma yetu alikuwa na gari bovu la kusambazia mikate, majani yameota mpaka kwenye taa. Akatupatia bure, akasema tumwondolee hapo, macho yake yapumzike. Babu yako hakulitazama hata mara moja. Nikaanza mwenyewe. Nikachukua kitanda chako (usinune, ulikiacha), nikakikata miguu, nikakiingiza humo nikaanza kupigilia misumari. Nilipigilia ovyo, makusudi, kwa kelele, chini ya dirisha lake. Siku ya kwanza alivumilia. Ya pili akatoka, akaninyang'anya nyundo.

"Unaua ubao bure, mama."

Nikamwachia ubao wake, nikaenda zangu kushona mapazia.

Ukiliona hutaamini. Nyuma kitanda, kando jiko dogo la gesi, pipa la maji lenye koki, na kabati ambalo kila kikombe kina tundu lake kisigongane na mwenzake. Nyuma ya dereva akafunga kiti kimoja alichokifungua kwenye basi lake la mwisho siku lilipopelekwa kuwa chuma chakavu. Nikamuuliza cha nini, sisi tuko wawili na mimi nakaa mbele. Akasema gari lisilo na kiti cha abiria ni ghala. Ubavuni mchoro wa mkate ulibaki palepale, tulisugua mpaka tukasalimu amri. Na jua likiwaka, gari zima linanukia mkate, sijui harufu hiyo imejificha wapi.

Tukaondoka. Siku ya kwanza nilitaka kushuka nirudi kwa miguu.

"Mzee, maporomoko hayo," nikamwambia.

"Nimeyaona."

Ameyaona kwenye kioo cha pembeni, yameshatupita. Ziwa nalo likatupita hivyohivyo. Nikamuuliza tunawahi wapi. Mguu uko palepale kwenye mafuta. Ndipo nikakumbuka neno moja ambalo dereva wa basi halikatai hata usingizini. Tulipofika penye kona yenye maua ya njano, nikasema kwa sauti ya abiria mkorofi, "Shusha hapo." Breki zikakamata kabla yeye mwenyewe hajajua. Alinitazama kama nimemwibia. Tangu hapo nilishushwa penye maua, penye mawe, penye mbuzi aliyempanda mwenzake mgongoni ili afikie tawi. Nilishushwa mpaka nikatosheka.

Huko milimani kila tuliposimama watu walikuja na vikapu. Ule mchoro wa mkate. Mama mmoja mwenye duka akaniuliza tunauzaje.

"Hatuuzi, tunatembea tu."

"Wazee hawa mnatembea kwenda wapi?"

"Hatuendi mahali."

Alicheka mpaka akashika mlango. Akaomba aone kitanda, nikamwonyesha, akajilaza na viatu vyake akafumba macho, akasema akirudi kwake atamwambia mumewe auze ng'ombe. Tulicheka sisi wawili. Mume wetu alisimama nje anaangalia matairi.

Asubuhi ya kule ina baridi ya kutafuna masikio. Nilivaa sweta zangu zote na soksi zake juu ya zangu. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Nikiwa nachemsha chai ukafunguka, na kilele kikatokea, cheupe, kikubwa, karibu yangu kiasi kwamba nilirudi nyuma nikajigonga kwenye kabati. Babu yako akashuka na kikombe, akasimama muda mrefu.

"Kumbe kilikuwa hapa," akasema.

Miaka yote hiyo alipita chini yake anaangalia lami. Nikangoja acheke, au aseme neno jingine. Chai akaiacha nusu. Nikaosha kile kikombe moyo umeninywea.

Kwenye geti la hifadhi tulipokelewa na askari wa wanyama, binti mmoja wa sare ya kijani, mchangamfu. Akatupa masharti: mwendo wa pole, honi hakuna, kushuka ni pale tu penye kibao cha ruhusa. Nikadhani mwendo ule utamuua Hasubiri kabla ya simba. Mbele kidogo tembo akatoka vichakani, akasimama katikati ya njia, akaanza kujikuna kwenye jiwe, hana wasiwasi na mtu. Mume wetu akazima injini.

"Huyu hana ratiba," akasema.

Nikamshika mkono. Hakuutoa.

Halafu akaniacha.

Usiruke mstari, soma polepole. Kuna mahali pa juu penye kibao cha ruhusa, choo na ukuta mfupi, na bonde lote liko chini ya miguu yako. Tuliposimama hapo, yeye usingizi ulimpitia palepale kwenye usukani, nikaona nisimwamshe. Nikashuka peku na chai yangu, viatu nikaviacha garini, nikakaa ukutani kupumzisha goti. Jua likawaka. Gari likaanza kunukia mkate. Nyani mmoja dume, mabega ya mbeba mizigo, akaifuata ile harufu. Akaruka kutoka mtini mpaka juu ya gari: pa. Akanusa, hakuona kitu, akaruka kushuka, akaikanyaga bodi: pa.

Mwanangu, mtu aliyesikia mlio huo maisha yake yote hahitaji hata kuamka vizuri. Injini ikawaka, gia ikaingia, gari la mikate likateremka mlima. Hakugeuka. Nami nimebaki na kikombe mkononi na vidole vya miguu vinaangalia hifadhi ya taifa. Wageni waliokuwa pale na kamera zao hawakujua wacheke au wanipe pole. Yule askari, aliyekuwa amekuja nyuma yetu na gari lao, akaita kwenye redio yake, na wenzake wakamsimamisha mume wetu kwenye kizuizi cha mbele. Hili nilisimuliwa baadaye.

"Mzee, uko na nani humu?"

"Na mke wangu, amelala nyuma."

"Mwamshe basi tumsalimie."

Akavuta pazia. Akaukuta mto.

Aliporudi hakuwa na rangi usoni. Alishuka gari likiwa bado linatikisika. Mimi maneno nilikuwa nimeshayapanga, mengine siwezi kuyaandika hapa maana najua utamsomea mama yako.

"Haki ya nani nilisikia kondakta amegonga," akasema. "Nilimsikia."

"Kondakta wako yule pale." Nikamwonyesha nyani, amekaa ukutani anajikuna kifua. "Mdai hesabu ya leo."

Akamtazama nyani. Nyani akamtazama yeye. Kicheko kilianzia chini huko tumboni, kikakwama, kikatoka. Alicheka mpaka akakaa chini ameshikilia tairi, machozi yanamtiririka, meno yote nje, nikayakumbuka yamekaaje. Maneno yangu yote yalinipotea. Nikakaa chini kando yake, peku hivyohivyo, tukacheka mpaka nyani akaona hatufai, akaondoka.

Jioni ile alikula, akakwangua sufuria. Akanisimulia abiria wake wote, yule aliyesahau meno kwenye kiti, yule aliyepanda basi lisilo lake akaoa huko alikofika. Alipokuwa anaosha vikombe akasema, "Miaka yote ile sikuwahi kugeuka. Sijui ningeona nini."

"Ungeniona mimi dirishani nakupungia mkono. Kila alfajiri."

Kikombe kile alikiosha muda mrefu sana.

Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, akalizunguka lote, akachungulia kitandani, akanitazama. "Tumetimia?" Nikasema tumetimia, nikagonga bodi, pa, pa. Mimi ndiye kondakta tangu siku ile, na nyani kazi imemtoka.

Sasa tumerudi. Kiti cha dirishani kipo uani, paka analalia. Mume wetu kila siku yuko karakana na fundi, wanachora ramani za kwenda milima mingine, na mafuta ya gari yamejaa kwenye meza yangu ya kulia. Anakula mpaka namficha sahani. Nilichokiogopa kimeondoka, nakwambia ili na wewe ulale.

Ila kuna jambo moja. Hata tukienda sokoni tu, akiuliza "Tumetimia?" nami nikajibu, yeye anatazama kwenye kioo, kile kiti nyuma yake, halafu anasema, "Bado mmoja." Na hawashi mara moja. Mkono uko kwenye funguo, ametulia tu. Mtu aliyeitwa Hasubiri, Kijiko. Anasubiri.

Mama yako anakusalimu, anasema simu yako iwe na picha nzima. Mjomba wako mrefu anakusalimu, amepata mapacha na hajalala tangu hapo. Fundi anakusalimu na ameomba msamaha kwa kukiazima kile kisanduku chako cha spana, hatakirudisha. Nisalimie huyo wa soksi. Mungu akutangulie kila uendako, na usiku akae mlangoni kwako nisikokuwepo mimi.

Ukija, usibebe zawadi, makabati yamejaa. Beba soksi nene na hayo masikio yako. Usipite ndani kuoga wala kuzungukia majirani. Panda gari moja kwa moja, kaa kwenye kiti kilicho nyuma ya dereva, funga mdomo wako mpaka aulize. Akiuliza, itika wewe. Mimi nitagonga.

Nikupendaye hata nikikugombeza,
Bibi yako, kondakta.