Nundu Nyuma ya Gari la Bibi Harusi

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo nimegonga toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Mimi, Bilali, mwenye miaka thelathini ya udereva! Nilikuwa natoka kwenye parcelle yetu, kiwanja chetu hapa Makiso, kwa kurudi nyuma, paa la gari limekunjwa, na kwenye kioo sioni kitu ila nundu nyeusi — paa lenyewe. Halafu kelele. Mwenye baiskeli alikuwa ameruka, alhamdulillahi, gurudumu tu ndilo lililopinda. Kosa langu, nimemwambia hivyo. Tumelinyoosha pamoja, akaenda zake akinung'unika.

Ramla aliona yote kutoka barazani. Hakupiga kelele. Alisema: "Papa, kama hauone nyuma, siku ya ndoa Djuma njo atanipeleka." Djuma! Binamu yake ana jeep yenye kamera nyuma, na mdomo mkubwa kuliko jeep. Décapotable yangu nyekundu, gari la paa la kukunjwa, imepeleka mabibi harusi wa nusu ya mji huu, leo binti yangu wa pekee aende na Djuma? Sikubali.

Jumatatu, 4 Agosti

Sababu naijua, ingawa sipendi kuisema. Paa la zamani lilipochanika mwaka jana, niliagiza lishonwe la turubai la baleinière, mashua kubwa ya mbao, lile la kufunika mizigo mtoni. Nilitaka kitu cha kudumu. Linadumu kweli! Ila halikunjiki. Ukilishusha linakaa nyuma ya viti, kilima kizima.

Na shingo. Hapa naweza kuandika. Tangu mwezi wa tatu shingo yangu haigeuki. Nageuka na mabega. Hakuna anayejua. Kioo ndicho nilichobaki nacho.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefunga kioo cha lori kwa waya, juu ya kile cha gari. Kikubwa kama sinia! Nimekwenda nacho mpaka posta. Paa likiwa chini, upepo unakitikisa. Nimeona mawingu, paji langu la uso, tena mawingu. Dada yangu Hadidja alicheka mpaka akakaa chini. Nimekitoa.

Yeye ndiye kaniambia habari za mama mmoja anayeshona viti karibu na bandari, Pélagie, mtu wa Isangi. "Mikono yake iko na akili," anasema. Tutaona.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeona fundi leo! Fundi kweli!

Nilidhani ataanza na kitambaa. Hapana — alikaa kwanza kwenye kiti changu. Akaweka mto mpaka macho yake yakafika urefu wa macho yangu. Akatazama kioo. Kisha akaniambia nichukue bidon ya manjano, dumu lile la maji, niiweke nyuma ya gari, niisogeze mbali pole pole mpaka aione. Ndipo apige honi.

Nilisogeza. Nikasogeza. Hatua kumi na tisa ndipo honi ikalia! Hatua kumi na tisa za barabara, na mimi nilikuwa naendesha tu. Nimeona aibu mbele ya bidon.

Halafu akashika paa. "Papa Bilali, ulivalisha gari nguo ya mashua!" Nikacheka, nifanyeje? Akauliza pia: "Juu ya nini unageuka na mabega yote?" Nikasema nililala vibaya. Alinitazama tu, akaendelea kupima.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeshinda nikimtazama akifanya kazi. Haharibu, haharakishi. Turubai amelifumua pale linapokunjika tu, akaweka kitambaa chembamba kisichopitisha maji. Ameshona mikanda miwili ya kulibana paa chini. Vile vya kuegemea kichwa kwenye viti vya nyuma, amevitoa. Kioo amekipandisha, vidole viwili.

Na namna ya kukunja! Mimi nilikuwa navuta paa na kuliacha lijipange lenyewe. Yeye anaingiza pembe mbili ndani kwanza, analaza kitambaa kwa kiganja, anashusha, analaza tena, kama mtu anayekunja shuka la mgeni. Amenirudisha mwanzo mara sita. Mara ya tatu alinipiga mkono. Umri wangu huu! Lakini nilistahili.

Nundu imekwisha. Bidon: hatua tano. Tano! Nimemshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Jumatano, 13 Agosti

Mvua kubwa. Hata tone moja halikuingia.

Ilipokatika, Ramla alikaa kwenye usukani, akaiona bidon kwenye kioo. "Bon. Djuma abaki na jeep yake." Niliingia chumbani nikalia kidogo. Basi.

Jumamosi, 16 Agosti. Saa nne asubuhi, ndani ya gari

Tunamngoja mpiga picha, ndiyo maana naandika. Paa limelala vizuri. Muda mfupi uliopita nilikuwa naona kila kitu: geti, barabara, pikipiki na toleka za msafara, watu wamejaa.

Halafu Hadidja akaja na wanawake wa ukoo. Wakasema bibi harusi hakai chini kama mzigo! Lazima aonekane mpaka mto Tshopo! Wamempandisha Ramla juu, kwenye paa lililokunjwa. Nimeangalia kioo. Nyeupe. Nyeupe tupu, upande mpaka upande. Sijapata kuona bibi harusi mzuri hivi, na sioni kitu kingine.

Geti liko nyuma yangu. Nikafikiri: nimwite Djuma.

Ramla akainama sikioni. "Papa, shingo iko namna gani leo?"

Nikauliza nani kamwambia.

"Hakuna mutu. Kila asubuhi naona vile unavaa shati. Tangu mwezi wa tatu."

Tangu mwezi wa tatu! Kwa hiyo Jumatano, pale kwenye usukani, alikuwa anajua.

Sasa amejigeuza huko juu, na gauni lake lote, miguu juu ya buti la gari, uso barabarani. Hadidja anapiga kelele: bibi harusi anatoka kwao amegeuka hivyo? Wapi mliona? Mpiga picha amefika, anakimbia.

"Miye naangalia, papa. Rudi nyuma. Pole pole."

Injini inanguruma. Bado nimeshika kalamu.